Maisha ya Daktari Maria Montessori, Mlezi wa Watoto Wadogo

Mtu apitaye asubuhi katika mitaa ya Mombasa na miji mingine ya pwani huona watoto wa miaka mitatu na minne wakishikwa mikono kupelekwa skuli za chekechea, na juu ya milango ya baadhi ya skuli hizo huona kibao kilichoandikwa jina la Montessori. Wazazi hulipa ada, hununua na sare, na wengi wao hawajui jina hilo ni la nani. Wako wanaodhani ni jina la mji, na wako wanaodhani ni jina la kampuni ya vitabu. Jina hili ni la mtu. Ni la mwanamke wa Kitaliana, tabibu na mwalimu, aliyefariki mwaka 1952. Na kwa kuwa kila atakaye hulitundika mlangoni mwake, kibao peke yake si dalili kwamba yaliyomo ndani ni yale aliyoyafundisha mwenye jina. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kumweleza msomaji maisha yake, apate kujua ni kitu gani anachokilipia.

Huenda mtu akauliza, yatuhusu nini sisi habari za Mnasara wa Ulaya, ilhali tuna vyuo vyetu na walimu wetu tangu karne nyingi? Jawabu letu ni kwamba mgonjwa haulizi dini ya aliyeupanda mti wa dawa. Sisi tunaosomesha watoto twahitaji kujua mtoto ni nani, na mwanamke huyu alitumia miaka 50 na zaidi kulitafuta jambo hilo moja, kwa njia iliyo nyepesi kuisema na nzito kuitenda: alikaa kitako akamtazama mtoto kabla ya kumwamrisha.

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, karibu na Ancona, upande wa mashariki wa Italia. Baba yake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali, na mama yake, Renilde, alikuwa mpenda vitabu katika zama ambazo wanawake wengi wa nchi hiyo hawakujua kusoma. Mwaka 1875 jamaa hao walihamia Roma kwa ajili ya kazi ya baba. Maria hakuwa na ndugu. Alipotimiza miaka 13 aliingia skuli ya ufundi, ambayo kwa desturi ilikuwa ya wavulana, akasoma hesabu kwa nia ya kuwa injinia, kisha akabadili nia akataka utabibu. Baba yake hakupendezwa, kwani yeye aliona ualimu ndiyo kazi imfaayo binti. Binti aliukataa ualimu katakata, na mambo yakageuka hata jina lake likawa halitajwi ila kwa ualimu.

Mwaka 1890 aliingia Chuo Kikuu cha Roma kusoma elimu ya maumbile, na alipofaulu akaruhusiwa kuendelea katika utabibu. Baadhi ya wanafunzi wanaume walimfanyia dhihaka. Na kwa kuwa ilionekana ni aibu mwanamke kusoma mwili wa maiti mbele ya wanaume, ilimlazimu kufanya kazi ya kupasua maiti peke yake, jioni, wenziwe wakiisha kuondoka. Alivumilia, na mwaka 1896 akapewa shahada, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Italia kuwa matabibu. Wako wasemao kuwa alikuwa wa kwanza kabisa, na hilo si kweli, kwani walikuwapo waliomtangulia.

Mwaka 1897 alijiunga na hospitali ya maradhi ya akili ya Chuo Kikuu, na kazi yake ikampeleka kuzuru nyumba za wendawazimu za mji wa Roma. Humo alikuta watoto waliopungukiwa na akili wamefungiwa pamoja na watu wazima, hawana kitu cha kushika wala cha kutazama. Yasimuliwa kwamba watoto wa chumba kimoja, wakiisha kula, walikuwa wakitambaa sakafuni kuokota makombo ya mkate, na mtumishi aliyewalinda akawachukia kwa ulafi wao. Daktari aliona jambo jingine. Aliona mikono yenye njaa ya kazi, kwani katika chumba kile kitupu hapakuwa na kitu kingine cha kuchezea isipokuwa makombo. Akatafuta vitabu vya matabibu wawili wa Kifaransa waliomtangulia, Jean Itard na Édouard Séguin, waliowafundisha watoto wa namna hiyo kwa njia ya kugusa, kuona na kusikia. Akavifasiri kwa Kitaliana na kuvinakili kwa mkono wake mwenyewe, ili asipite neno lolote pasipo kulipima.

Mwaka 1900 ilifunguliwa Roma skuli ya kuwafunza walimu wa watoto hao, naye akawa mmoja wa wakuu wake wawili. Watoto walioletwa kutoka nyumba za wendawazimu walijifunza kusoma na kuandika, na baadhi yao wakaingia mtihani pamoja na watoto wenye akili timamu, wakafaulu. Watu walistaajabu wakamsifu. Yeye alistaajabia upande wa pili: ikiwa hawa waliopungukiwa wamefika hapa, basi wale wenye akili timamu wamezuiliwa na nini katika skuli zao hata wakawa sawa nao? Swali hili lilimtoa katika utabibu likamtia katika malezi.

Hapa yatupasa kutaja jambo ambalo wasifiaji wake wengi walilificha kwa miaka mingi. Mkuu mwenzake katika skuli ile alikuwa tabibu aitwaye Giuseppe Montesano, na tarehe 31 Machi 1898 Maria alimzalia mtoto mwanamume, akaitwa Mario, pasipo ndoa baina yao. Lau habari hiyo ingejulikana, kazi yake ingevunjika siku hiyo hiyo. Mtoto akapelekwa shamba kulelewa na watu wengine. Mama alikuwa akienda kumzuru, na mtoto hakuambiwa kuwa bibi huyu amjiaye ndiye mama yake. Mwaka 1901 Montesano alioa mwanamke mwingine, na Maria akaiacha skuli ile. Hatuyataji haya kwa kumfedhehi maiti. Twayataja kwa sababu mwenye kusoma habari za mtu huyu aliyewafunza walimwengu kuwatazama watoto wao yampasa ajue kwamba wake mwenyewe alikua mbali na macho yake.

Katika mji wa Roma palikuwa na mtaa uitwao San Lorenzo. Nyumba zake zilijengwa kwa pupa wakati biashara ya majumba ilipopanda, kisha biashara ikaanguka, nyumba zikabaki nusu, zikajaa mafukara. Kampuni moja ilizinunua ikazitengeneza. Wazazi wakawa watoka alfajiri kwenda vibaruani, na wadogo wasiofika umri wa skuli wakabaki peke yao, wakikimbia ngazini na kuzichafua kuta mpya. Wenye nyumba walifanya hesabu, wakaona ni rahisi zaidi kuwaweka watoto hao katika chumba kimoja kuliko kupaka chokaa kila siku. Wakamwomba Daktari Montessori awasimamie. Hivyo ndivyo ilivyofunguliwa, tarehe 6 Januari 1907, Nyumba ya Watoto ya kwanza, katika njia iitwayo Via dei Marsi. Waliingia watoto kiasi cha 50, wa miaka mitatu hata sita, wengi wao wakilia na kuogopa. Mlezi wao hakuwa mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Daktari alimwonyesha vile vyombo alivyovitumia kwa watoto waliopungukiwa, akamwamrisha awape watoto, kisha asiwaingilie. Yeye mwenyewe akawa anakuja, anakaa, anatazama, na kuandika anayoyaona.

Miongoni mwa vyombo hivyo ni gogo la ubao lenye matundu kumi, na katika kila tundu kipande cha mti cha mviringo chenye kishikio. Vipande hivi vyatofautiana unene au urefu, na kila kimoja chaingia sawasawa katika tundu lake peke yake. Mtoto akikosea, kipande cha mwisho hakipati pa kuingia, naye hujua kosa lake bila ya kuambiwa na mtu, akavitoa akaanza tena. Hikima yake ni kwamba kosa lamfundisha mtoto, na mwalimu ananyamaza. Siku moja Daktari alimwona msichana wa kiasi cha miaka mitatu akivitia na kuvitoa vipande hivyo. Akawaamrisha wenziwe waimbe na kumzunguka. Mtoto hakuinua uso. Akamnyanyua na kiti chake akamweka juu ya meza. Mtoto akalipakata gogo lake akaendelea. Aliirudia kazi ile zaidi ya mara 40, kisha akaacha ghafula, akatazama huku na huku kwa furaha kama aliyeamka katika usingizi mzuri. Hakuna aliyemwambia aanze wala aliyemwambia aache. Watu wa zama zile walisema kuwa mtoto mdogo hatulii juu ya jambo moja, na huyu mbele ya macho yake alikuwa ametulia kuliko mtu mzima.

Aliendelea kutazama, na kila siku ikamwonyesha jambo. Mlezi alisahau kulifunga kabati, akawakuta watoto wamejichagulia vyombo wenyewe na wanafanya kazi, na tangu hapo kabati likawa wazi. Walipoletewa sanamu na vitu vya kuchezea vya fahari, waliviacha wakarudi kwenye vyombo vyao. Mtoto mmoja alivikwa nishani ya tuzo, naye hakuijali kwa shughuli aliyokuwa nayo. Akaichukua aliyekuwa amekalishwa kitini kwa adhabu, akaivaa akaridhika. Daktari akaona kwamba tuzo na adhabu ni za mtu asiye na kazi, akaziondoa zote mbili. Siku nyingine aliwafundisha jinsi ya kupenga kamasi kwa utaratibu na staha, na alipomaliza watoto walimpigia makofi. Alifahamu sababu. Watoto hao kila siku walikuwa wakitahayarishwa kwa pua zao, na hapana mtu mzima aliyewahi kuona kwamba wastahiki kuonyeshwa.

Ama kuandika, hakulikusudia hapo mwanzo, bali wazazi ndio walioliomba. Alikata herufi katika karatasi ya msasa akazibandika juu ya vibao, mtoto akawa apitisha vidole vyake juu ya herufi huku akitamka sauti yake, na kwa vyombo vingine mkono wake ukazoea kushika kalamu. Mwezi wa Disemba 1907, walipokuwa juu ya sakafu ya nyumba katika jua la baridi, Daktari alimpa mtoto mmoja chaki achore bomba la moshi lililokuwa mbele yao. Alipokwisha kulichora, mtoto huyo aliandika neno, kisha la pili na la tatu, akapiga kelele kwa furaha, na wenziwe wakajaa wakitaka chaki nao. Walikuwa watoto wa miaka minne na mitano, wengi wao wana wa watu wasiojua kusoma.

Ewe msomaji wa miji yetu, mambo haya yasikuonekee mageni yote. Mtoto wa chuoni kwetu aliyeifuata alifu kwa kidole juu ya ubao aijua njia hiyo ya vidole. Na katika Nyumba za Watoto, wa miaka mitatu hukaa pamoja na wa miaka sita, mkubwa akamfunza mdogo, kama ifanyikavyo katika vyuo vyetu tangu kale. Tofauti iko katika mwalimu. Sisi wenyewe tumesomesha watoto kwa miaka 20 na zaidi, nasi twakiri kosa letu. Alikuwako mtoto mmoja aliyekuwa kila siku akirudia ukurasa ule ule hali aujua, nasi tukamwona mvivu, tukamfunulia ukurasa mwingine kwa nguvu, na alipourudia ule wa kwanza tukamchapa. Tuliposoma habari za msichana wa vipande vya mti tulimkumbuka, tukaona haya. Alikuwa akiimaliza kazi yake, nasi tulimkatiza. Mtoto yule sasa ni mtu mzima, na akitukuta njiani hutuamkia kwa adabu, wala hakumbuki, lakini sisi twakumbuka.

Mwaka 1909 Daktari aliandika kitabu chake cha kwanza cha kuieleza njia yake, na mwaka 1912 kikatoka kwa Kiingereza. Mwaka 1911 aliacha kabisa kutibu watu. Mwaka 1913 wanafunzi wa nchi mbalimbali walikuja Roma kusoma kwake, na mwisho wa mwaka huo akaenda Marekani, akakhutubia umati mkubwa mjini New York. Mwaka 1915, katika maonyesho ya San Francisco, lilifanywa darasa lenye ukuta wa kioo, watu wakawa wasimama nje kuwatazama watoto wakifanya kazi. Lakini mwaka 1914 mwalimu mkubwa wa huko, William Heard Kilpatrick, alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha kumpinga, kwa hoja kwamba vyombo vyake ni vichache, na kwamba haviachi nafasi ya kutosha kwa mchezo na kwa mawazo ya mtoto mwenyewe. Haukupita muda mrefu shauku ya Wamarekani ikapoa, hata miaka ya 1960 ilipoamka tena.

Mama yake alifariki mwaka 1912, na baada ya hapo ndipo alipomchukua mwanawe, aliyekwisha kuwa kijana wa kiasi cha miaka 15. Baada ya hapo Mario akawa msaidizi wake katika kazi yake, na mbele ya watu akaitwa mtoto wa ndugu au mtoto wa kulea.

Kosa lake lililo kubwa mbele ya walimwengu ni lile la Mussolini. Mwaka 1924 mtawala huyo alimwita, akamwahidi kuzieneza skuli zake nchi nzima, naye akaukubali msaada huo. Alidhani atampata mtoto kwa mkono wa serikali, na serikali ilidhani itampata mtoto kwa mkono wake. Mwalimu aliyefundisha kwamba mtoto achague kazi yake mwenyewe akawa chini ya dola iliyotaka kila mtu asimame mstari mmoja na kupiga saluti. Ilichukua miaka kumi kufika mwaka 1934, walipoachana, na skuli zake za Italia zikafungwa. Huko Ujerumani Wanazi walikwisha kuzifunga na kuvichoma vitabu vyake. Mwenye elimu anayeitaka nguvu ya mtawala kwa ajili ya jambo jema naajitazame katika kioo hiki.

Alikaa Barcelona, na vita vya Uhispania vikamtoa huko mwaka 1936, akahamia Uholanzi. Mwaka 1939, akiwa na umri wa miaka 69, aliitwa India, akaenda na Mario kufundisha walimu huko Adyar, karibu na Madras. Mwezi wa Juni 1940 Italia iliingia vitani, nao wakahesabiwa kuwa raia wa adui. Mario alipelekwa kizuizini, na mama akazuiliwa asitoke Adyar. Tarehe 31 Agosti 1940, alipotimiza miaka 70, serikali ya Waingereza ilimfungulia Mario kwa heshima ya siku hiyo, na katika barua ya simu aliyoletewa Mario aliitwa mwanawe. Neno ambalo yeye hakuthubutu kulitamka hadharani kwa miaka 42 lilitamkwa na serikali iliyomfunga. Katika wasia wake, baadaye, aliliandika mwenyewe.

Alikaa India hata mwaka 1946, akafunza walimu zaidi ya 1,000, na huko ndiko alikowatazama watoto wachanga migongoni na mapajani mwa mama zao, wakiwapo sokoni na jikoni, wakiona na kusikia kila kitu. Akaeleza kwamba mtoto katika miaka sita ya mwanzo hunywa lugha na tabia za watu wake kama ardhi inywavyo mvua, bila ya kutaka wala kukataa, na kwamba tunayoyafanya mbele yake ni somo hata tusipokusudia kusomesha. Alirudi tena upande huo, na mwaka 1949 akafundisha walimu mjini Karachi, katika dola changa ya Pakistani. Alifariki tarehe 6 Mei 1952 huko Noordwijk aan Zee, Uholanzi, karibu kutimiza miaka 82, akazikwa hapo hapo. Katika siku zake za mwisho alikuwa akizungumza na Mario juu ya kusafiri Afrika, katika nchi ya Gold Coast ambayo tangu 1957 yaitwa Ghana, kwa kuwa alisikia kwamba huko walimu wahitajika.

Baadaye Wataliani waliitia sura yake katika noti ya lire 1,000. Na wapimaji nao hawakumwacha. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Angeline Lillard na Nicole Else-Quest, walitangaza uchunguzi wao juu ya watoto wa Milwaukee, walioingia au kukosa skuli ya njia hii kwa kura tu, wakawakuta wale walioingia wako mbele katika baadhi ya mambo ya kusoma, ya hesabu na ya kuishi na wenzao. Si mambo yote, wala si kila skuli iliyotundika kibao.

Basi mwenye kutaka kumpeleka mtoto wake skuli ya namna hiyo na asitosheke na kibao, wala na uzuri wa sare, wala na vyombo vilivyopangwa kabatini. Aombe ruhusa akae pembeni kwa muda wa saa moja, amtazame mwalimu: je, mwalimu huyu awatazama watoto, au awapigia kelele tu? Ajiulize na swali la pili, nalo ni gumu zaidi, kwani jawabu lake liko nyumbani: yeye mwenyewe lini alikaa akamtazama mwanawe mpaka kazi aliyokuwa akiifanya ikaisha? Mwanamke huyu alikosa miaka 15 ya mwanawe, na miaka hiyo hakurudishiwa. Sisi wetu wako ndani ya nyumba zetu, mbele ya macho yetu, usiku na mchana.